Piano mbili, gari moja la ng'ombe

"Mimi ni mwalimu wa kinanda hapa Mwanza, upande wa Nyakato. Nina wanafunzi wawili wakubwa, mmoja mahiri na mwingine wa kati. Ukumbi tunaoutumia una piano ya wima ya zamani na kinanda cha dijitali chenye vitufe 88. Nimeamua wapige pamoja Picha kwenye Maonyesho ya Mussorgsky, mtunzi wa Urusi, ambayo iliandikwa kwa mpigaji mmoja. Nilimpa mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, kisha nikaongeza oktavu (nota ileile, juu au chini zaidi) huku na huku ili mikono minne isikae bure. Matokeo yake ni kelele nzito, na vyombo vyenyewe havielewani. Mwenzangu ananiambia kazi ya mtunzi haiguswi, niwaache tu wapokezane vipande. Tuna miezi minne. Nimekosea wapi, na nianze vipi upya?"

Mwalimu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama ni halali kuigusa kazi ile, kwa nini mpangilio wako unasikika mzito, na ufanye nini na vyombo viwili visivyopatana. La kwanza ni jepesi, tulimalize tuendelee.

Mwenzako ana nia njema, lakini historia haiko upande wake. Mussorgsky aliitunga kazi hii, mfululizo wa vipande vinavyochora picha mojamoja, mwaka 1874, kumkumbuka rafiki yake Viktor Hartmann, msanifu na mchoraji aliyefariki mwaka uliotangulia. Mwenyewe akafa 1881 kabla haijachapishwa, na ilipotoka 1886 ilikuwa imeshapita mikononi mwa mtunzi mwenzake Rimsky-Korsakov, aliyebadilisha hapa na pale. Mwaka 1922 Ravel, mtunzi wa Kifaransa, akaipangia okestra, na hiyo ndiyo sura inayojulikana na watu wengi. Kwa hiyo kazi "isiyoguswa" unayoambiwa uiheshimu ilianza kuguswa kabla haijafika dukani. Na kwa upande wa piano mbili, mtunzi Debussy alizipangia hivyo etudi (vipande vya mazoezi) sita za kanoni za Schumann mwaka 1891, na mtunzi Grieg aliandika piano ya pili ya kuandamana na baadhi ya sonata za Mozart bila kubadili nota za Mozart mwenyewe. Huyu Grieg mkumbuke, nitamrudia.

Kosa lako, basi, si kugusa. Umegusa mahali pasipofaa.

Tuchukue ule mgawo wa mkono wa kulia na wa kushoto. Unaonekana wa haki: nota zote zipo, hakuna aliyedhulumiwa. Lakini mikono miwili ya mpigaji mmoja si watu wawili. Inatumia sikio moja na pedali moja. Mpigaji anapokanyaga pedali, nyuzi zote zinaachwa huru, besi ya mkono wa kushoto inaziamsha nyuzi za juu, na melodi inapata ile hewa ya kuizunguka. Ukiwatenganisha, melodi ya huyu haifaidi tena besi ya yule, maana nyuzi ziko kwenye sanduku jingine. Tena kwako sanduku la pili halina hata nyuzi, lina spika. Melodi inabaki uchi na besi inabaki kama mtu anayehamisha makabati. Ndipo mwalimu unapojisemea, "pamepwaya, niongeze oktavu." Ugonjwa ni upweke wa sauti, nawe ukautibu kwa unene.

Unene wenyewe hauleti ulichokitafuta. Vyombo viwili vyenye nguvu sawa vikilia pamoja huongeza kama desibeli 3 tu, wakati sikio la mtu huhitaji karibu desibeli 10 ndipo liseme sauti imezidi maradufu. Umelipa gharama ya mikono minne ukapata ongezeko ambalo mama aliyekaa kiti cha nyuma analisikia kwa shida.

Anachokisikia vizuri sana ni kuchelewana. Piano ni chombo cha kugonga. Nyundo ikishagonga, sauti inazaliwa ghafla na kuanza kufa papo hapo. Wanakwaya wanane wakianza neno kwa kupishana kidogo, sauti zao hufunikana na hakuna anayejali. Piano mbili hazina huruma hiyo: kodi moja (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ikipigwa na wawili wakapishana hata kwa sehemu 30 za elfu moja za sekunde, sikio linasikia kugonga mara mbili. Kila oktavu uliyoirudufu ni mtego mwingine wa namna hiyo, na umewatega wanafunzi wako kwenye kila kipimo cha muziki.

Mtu wa Mwanza ana namna ya kulielewa hili bila desibeli. Umewahi kwenda Bujora mwezi Juni, kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma? Makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi likivuta watu upande wake, na umati unakimbilia kule kunakonoga. Ni mashindano, na ni raha tupu. Mpangilio wako wa sasa ni Bagika na Bagalu. Unachokihitaji ni mwanzilishi na waitikiaji.

Bahati nzuri mtunzi amekuanzishia. Fungua ukurasa wa kwanza, ile Promenade, mwendo wa mtu anayetembea kutoka picha hadi picha. Vipimo viwili vya mwanzo ni mstari mmoja mtupu, hauna kodi hata moja: G, F, B flati, halafu C na F za haraka, D; kisha kipimo cha pili kinamalizia hadi kutua tena kwenye F. Mapigo 5, kisha 6. Vipimo viwili vinavyofuata ni wimbo uleule, safari hii umevikwa kodi. Ni mtu mmoja anaimba, kwaya inampokea. Mpe mwanafunzi wa kwanza ule mstari peke yake. Mpe wa pili majibu yote ya kodi. Na sasa sikiliza vizuri: wa pili anapojibu, wa kwanza ANYAMAZE. Mikono mapajani. Najua kidole kitakuwasha umwongezee nota mbili tatu "asikae bure". Usimwongezee. Msikilizaji ataona kwa macho na kusikia kwa masikio kuwa sauti imetoka upande mmoja wa ukumbi ikajibiwa upande wa pili, kitu ambacho mpigaji mmoja hawezi kukifanya hata awe na vidole ishirini. Hiyo ndiyo faida ya piano mbili. Nafasi, kwa maana ya mahali.

Ukishaipata hiyo Promenade, ukurasa mmoja tu, utakuwa umejua jinsi ya kupanga karibu nusu ya kazi nzima.

Picha ya Samuel Goldenberg na Schmuÿle haihitaji hata kufikiri. Mzito anaongea kwanza, mnyonge analalamika kwa nota za kurudiarudia, kisha wanaongea wote kwa pamoja. Watu wawili, piano mbili. La kuamua ni nani akae wapi. Mzito mweke kwenye piano ya wima, ile mbao yake ya zamani itamfaa. Mnyonge mweke kwenye dijitali, kwa sababu nota zinazorudiwa kwa kasi huisumbua mitambo ya piano nyingi za wima: nyundo haijarudi vizuri, kidole kimeshashuka tena. Kinanda cha dijitali kwa kawaida hakina shida hiyo.

Soko la Limoges ni la hatari. Linakimbia mwanzo mpaka mwisho, akina mama wanagombana (mwambie mwanafunzi aende Mwaloni Kirumba asubuhi mashua za dagaa zinaposhusha, atarudi ameelewa mwendo). Kishawishi ni kugawa nota moja kwako, moja kwangu. Kwa vyombo viwili vyenye mguso tofauti, sahau: kitasikika kilema. Gawa kwa vipimo vizima, tena kwa kupishana kama kijiti cha mbio za kupokezana. Anayemaliza asiishie mwisho wa kipimo chake. Apige na nota ya kwanza ya kipimo kinachofuata, ile ambayo mwenzake anaanzia. Kwa nota moja wote wawili wanashika kijiti. Hapo kurudufu kunaruhusiwa, maana kunaziba ufa.

Vifaranga wanaocheza ndani ya maganda, usiwaguse. Ni muziki mwepesi wa juu kabisa, mkono mmoja ukiuchezea mwingine. Apige mmoja, mwenzake apumzike. Katika Makaburi ya chini kwa chini, zile kodi ndefu zinazopishana kwa nguvu na kwa upole, mpe mmoja za nguvu na mwingine za upole, utapata mwangwi wa kweli.

Sasa Bydło, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoharibu mwenyewe.

Neno ni la Kipolandi, maana yake ng'ombe. Picha ni mkokoteni mzito unaovutwa na maksai. Sihitaji kumweleza mtu wa Kanda ya Ziwa zaidi ya hapo. Aliyewahi kupisha gari la ng'ombe lililosheheni pamba kwenye njia za Magu au Kwimba anajua lile gurudumu linavyolia na jinsi udongo unavyotetemeka kabla hujaliona. Mkono wa kushoto unakokota kodi nene chini kabisa, mapigo sawasawa, na melodi nayo inaanzia chini. Huo uzito ameukusudia. Toleo la 1886 linaanza kimyakimya na kukua, kama mkokoteni unaokuja toka mbali, na Ravel naye akafuata hivyo. Lakini Mussorgsky mwenyewe aliandika uanze kwa nguvu kubwa: mkokoteni uko mbele yako tayari. Chagua moja ukijua umechagua nini, na usimwachie mchapishaji akuchagulie.

Mimi nilipopanga kipande hiki miaka ya nyuma nilijiona mjanja. Nikasema, mkokoteni unapita, basi uanzie piano ya kushoto ya jukwaa, katikati uhamie ya kulia. Kwenye karatasi ilipendeza mno. Ukumbini ilisikika kama vile maksai wamefunguliwa katikati ya barabara wakafungwa wengine, wadogo zaidi. Mzee mmoja wa kwaya akaniuliza baadaye kama mpigaji wa kwanza aliugua. Tangu siku hiyo mkokoteni wangu ni mmoja: piano moja inakokota tangu mwanzo hadi mwisho bila kupokewa, kodi zote za chini ni zake, na pedali ni yake. Piano ya pili inapewa melodi tu, na pale mkokoteni unapofika karibu kabisa inapewa oktavu ya juu ya melodi hiyo. Besi haiguswi na mtu wa pili. Kodi nene za chini zina mitetemo mingi iliyobanana. Ukiongeza nyingine palepale unapata uji.

Bila shaka utaona kuwa hapa nimegawa mkono wa kulia na wa kushoto, kile nilichokukataza. Ni kweli. Tofauti ni kwamba Bydło inadai watenganishwe: maksai hawamsikilizi anayeimba juu ya mkokoteni. Ukifanya hivyo mahali pamoja kwa sababu, ni mpangilio. Ukifanya kwenye kazi nzima kwa sababu kuna watu wawili, ni mgawo wa posho.

Na ile raha ya wote wanne, yaani mikono minne kwa nguvu zote? Itunze hadi Lango Kuu la Kiev. Ni E flati meja, pana, lenye kengele. Hapo rudufu utakavyo: mmoja ashike kodi, mwingine apige kengele za chini na za juu kwa kupishana, na wakichelewana kidogo hakuna ubaya, kengele za kanisani hazijawahi kugonga sawasawa. Kama watu hawajaisikia sauti hiyo nzito kwa nusu saa, itawainua vitini. Kama wameisikia tangu ukurasa wa kwanza, watakuwa wanatazama simu.

Turudi kwa Grieg. Umeniambia mwanafunzi mmoja ni mahiri na mwingine wa kati, nawe una miezi minne. Kusema kweli, kuipanga upya kazi nzima kwa mazungumzo kamili, Promenade hadi Lango, ni kazi ya mwaka kwa mtu mwenye ajira. Njia ya Grieg ni fupi zaidi: mahiri apige sehemu ya asili kama ilivyo, wewe uandike piano ya pili nyepesi ya kumzunguka. Faida yake ni kwamba wa kati akipotea, muziki haufi. Hasara yake, wa kati atajiona msindikizaji, na kwa kijana hilo linauma. Ushauri wangu ni kuchanganya. Promenade, Goldenberg na Lango vipange kwa mazungumzo, na humo umpe wa kati sauti inayosikika. Bydło kama nilivyoeleza. Kipande cha Baba Yaga, mchawi wa hadithi za Kirusi, kwenye kibanda chake cha miguu ya kuku, kifanye kwa njia ya Grieg, ni kigumu mno kwa wa kati. Kasri la Kale mpe wa kati apige peke yake. Ni la polepole, ile G shapu yake inagonga toka mwanzo hadi mwisho, na litampa dakika kadhaa za kuwa mwenye nyumba. Hakuna sheria inayosema onyesho la piano mbili lazima zilie mbili kila dakika.

Sasa vyombo. Kutopatana kwao si kosa la wanafunzi. Mbao za piano ya wima hunyonya unyevu. Karibu na ziwa, mvua za masika zikianza ubao wa sauti hufura na sauti hupanda, hasa katikati ya vitufe. Kiangazi kikikolea zinashuka. Kinanda cha dijitali hakijui kama kuna mvua. Usijaribu kuivuta piano iifuate dijitali. Fanya kinyume: weka programu ya kutyuni kwenye simu, piga A iliyo juu ya C ya katikati kwenye piano, soma namba. Ikikuambia 434 (mitetemo kwa sekunde), ingia kwenye mipangilio ya dijitali uishushe kutoka 440 hadi 434. Nyingi zinaruhusu. Rudia upimaji huo kila siku ya mazoezi na asubuhi ya onyesho.

Hata zikipatana kwenye A, hazitapatana kila mahali. Fundi anayetyuni piano kwa sikio huzivuta nota za juu kabisa ziwe juu kidogo na za chini kabisa ziwe chini kidogo, na piano ya zamani ina mambo yake mengine. Hii ni sababu nyingine ya kutozipa piano mbili nota ileile kwa wakati mmoja, hasa kwenye ncha. Zikikaa kwenye maeneo tofauti, sikio husamehe.

Igeuze piano ya wima ili mpigaji asiuangalie ukuta, na wote wawili waonane macho. Spika za dijitali zisimwelekee mpigaji wake tu. Kila mmoja awe na nakala inayoonyesha sehemu zote mbili, siyo yake pekee, maana anayehesabu kimya cha vipimo kumi bila kumwona mwenzake ataingia kwa kubahatisha. Na umeme: ukikatika, nusu ya bendi yako imekufa. Tafuta betri, au kubalianeni mapema ni vipande gani piano ya wima itaendelea navyo peke yake.

Kuhusu haki, mtunzi amefariki zaidi ya miaka 140 iliyopita, kazi yake ni ya wote. Ila usinakili mpangilio wa mtu wa siku hizi, wala maelezo ya mhariri wa toleo jipya. Panga kutoka toleo la zamani. Ukitaka kuuchapa na kuuza mpangilio wako, pitia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyafanya. Kama piano ya wima imeshuka karibu nusu toni au zaidi, au vitufe viwili vya jirani vimekosana wenyewe kwa wenyewe, dijitali haitakusaidia, mwite fundi. Asiivute yote kwa siku moja. Nyuzi za zamani hukatika, na zisipokatika hulegea tena wiki ileile. Mwambie aje mara mbili. Mwanafunzi akisikia maumivu ya kiganja au ganzi vidoleni kwenye zile oktavu za Baba Yaga, asimamishe mazoezi na aonane na daktari, asijikaze. Na ukishaandika kurasa kumi za kwanza, mtafute mtu aliyesomea upangaji azitazame mezani pamoja nawe. Chuo kikuu cha Makumira kule Usa River, Arusha, wanafundisha muziki hadi ngazi ya shahada, na safari moja ya basi itakuokoa wiki nyingi za kufuta na kuandika.

Anza na Promenade wiki hii. Rekodi kwa simu ukiwa umekaa nyuma kabisa ya ukumbi, si kando ya vyombo. Na zima feni kabla ya kuanza, au ubane karatasi kwa vibanio vya nguo. Mimi nimewahi kuona Lango Kuu lote likiruka hadi safu ya tatu.